Toleo la Zamani la Barabara ya Kondoa

Asma na mimi tunafanya kazi chumba kimoja cha masjala, kwenye wizara moja kule Mtumba, Dodoma. Meza yake iko dirishani, yangu iko karibu na mlango. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, mimi ni Mgogo wa Mvumi, naye huniita dada Dorothea kwa sababu nimemzidi umri. Haya ninayosimulia mengine niliyaona mwenyewe nyumbani kwake Ipagala, mengine alinieleza kidogo kidogo, siku ambazo moyo wake ulikuwa umemjaa. Nilimuuliza kama naweza kuyasema. Akasema, "Sema tu, dada. Labda kwako yatakuwa mepesi."

Asma ana kaka mmoja, Hamidu. Wazazi wao walifariki Asma angali msichana mdogo, na Hamidu ndiye aliyemsomesha kwa kazi ya lori. Alikuwa akipakia mahindi Kibaigwa na kuyapeleka Dar es Salaam, na msimu wa ufuta ukifika anapanda na barabara ya Kondoa. Huko ndiko alikompata mke, Mwanne, binti wa Mzee Halfani wa Kolo. Hawakuwa wamekaa sana kwenye ndoa yao wakati lori lilipomshinda mteremkoni likalala kwa ubavu. Utingo alitoka na michubuko. Hamidu alivunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake ipo lakini haimsikii.

Asma aliwachukua wote wawili, kaka yake na wifi yake, akawapa chumba kikubwa nyumbani kwake ili mgonjwa awe karibu na hospitali. Nilikwenda kuwaona mara nyingi. Mwanne alikuwa akimgeuza mumewe kitandani, anamwosha, anamkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kumsogeza barazani apate jua. Hamidu hakuwa akisema kitu. Ukimsalimia anaitikia, kisha anarudi kutazama ukuta. Mtu aliyezoea kuona nchi inapita dirishani kutwa nzima, sasa alikuwa na ukuta mmoja.

Kompyuta lilikuwa wazo la Asma. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Chimwaga alikuwa amemaliza chuo na anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao, na miongoni mwake ilikuwepo kompyuta ya mezani yenye usukani wa kuchezea, na ndani yake gemu la kuendesha malori kwenye barabara za Ulaya. Asma aliinunua yote. Fredy, fundi wa kompyuta wa pale mtaani, akaja kuifunga. Alihamisha mafuta na breki kutoka kwenye pedali akaviweka kwenye vitufe vya usukani, ili mtu aendeshe kwa mikono peke yake.

"Siendeshi midoli," Hamidu alisema.

"Basi nitaendesha mimi," Mwanne akamjibu. Akakaa mbele ya skrini, akaliwasha lori, na hapo hapo akaligonga kwenye geti la yadi. Akarudi nyuma, akaligonga kwenye ukuta.

Hamidu alivumilia kidogo. Kisha akasema, "Mwanne, achia hiyo gia. Utaliua gari la watu."

Alisogezwa mbele ya usukani siku hiyo na hakutaka kuondoka.

Baada ya wiki chache gemu lilikataa kufunguka. Skrini ilikuwa inadai jina la akaunti na neno la siri. Asma akamwita tena Fredy, naye akacheka kwa huruma.

"Dada, kompyuta umenunua wewe, lakini gemu bado ni la yule mwanafunzi. Gemu la siku hizi huwa liko kwenye akaunti ya aliyelinunua, humu ndani unakuta nakala tu. Amebadilisha neno la siri, na ni haki yake."

Asma akajifunza hivyo. Alifungua akaunti ya Hamidu kwenye duka moja la mtandaoni, akangoja lipunguze bei, akalinunua upya. Kuanzia hapo akawa anasoma mambo ya magemu hata ofisini wakati wa chakula, na mimi nikawa nayasikia nikitaka nisitake. Katika kusoma kwake ndipo alipoikuta ramani moja ya kuongeza kwenye gemu.

Kulikuwa na mtu, ambaye hatukumjua wala hatumjui mpaka leo, aliyekuwa ameitengeneza barabara ya Dodoma hadi Kolo kwa ajili ya gemu hilo hilo. Alikuwa anaitoa bure. Huenda alikuwa mtu wa kwetu anayeishi mbali na amekumbuka nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine angehangaika kuweka miti ya Zamahero mahali pake, na daraja la Kelema, na vilima vya Kondoa vikitokea kwa mbali. Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa ameacha kuishughulikia miaka kadhaa iliyopita, na ramani ilikubali toleo la zamani tu la gemu. Ukiiweka kwenye toleo jipya, gemu zima linajifunga. Bahati nzuri, duka alilonunua Asma linamruhusu mteja kurudi kwenye toleo la nyuma. Alilichagua lile la zamani, akazima kusasisha, akamwonya kila mtu ndani ya nyumba asiguse chochote kinachosema sasisha.

Nilikuwepo Hamidu alipoiona. Alitoka Dodoma polepole, akapita Meia Meia, na alipofika Kelema akasimamisha lori katikati ya daraja.

"Mwanne, njoo uone," alisema. "Njoo uone walivyopaweka."

Mwanne alikuja akiwa na unga mikononi. Alisimama nyuma ya kiti, akamwekea kidevu begani, na unga ukabaki kwenye shati. Mimi nikatoka nje kumfuata Asma, maana niliona hapakuwa pangu.

Mwaka uliofuata mama yake Mwanne aliugua, na Mzee Halfani akaja kumchukua binti yake aende Kolo kumuuguza. Hilo halina lawama. Asma akapanga na mwanamke jirani aje kumhudumia Hamidu mchana wakati yeye yuko kazini. Mwanne alipokuwa anafunga mizigo aliomba apewe kompyuta ndogo ya zamani ya Asma.

"Unaitakia nini, wifi?"

"Nataka niwe naye njiani," Mwanne alisema kwa aibu. "Yeye anatoka huku, mimi natoka Kolo, tunakutana."

Asma alifikiri ni jambo dogo, maana gemu hilo linaruhusu watu walio mbali waonane barabarani kwa mtandao. Alimwingizia ile ile akaunti ya Hamidu kwenye kompyuta yake. Siku ya kwanza Mwanne alipofungua gemu kule Kolo, huku Ipagala Hamidu alitupwa nje akiwa kwenye kona.

"Nani kanitoa barabarani?" akapiga kelele.

Akafungua tena, na huko Kolo Mwanne akatupwa nje. Walifukuzana namna hiyo, kila mmoja akidhani mtandao ni mbovu, mpaka Asma alipoelewa kwamba akaunti moja haiendeshi gemu kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja.

Duka jingine la mtandaoni lilikuwa linaligawa gemu hilo bure kwa muda. Asma akaharakisha, akamfungulia Mwanne akaunti huko. Gemu lilishuka vizuri, lakini lilikuwa toleo jipya, na duka hilo halikuwa na njia ya kurudi nyuma. Hamidu alikuwa kwenye toleo la zamani, Mwanne kwenye jipya. Walikuwa na gemu moja na hawakuweza kuonana. Hamidu akisasisha apate kumwona mkewe, barabara ya Kondoa inapotea. Asiposasisha, anabaki na barabara asiyokutana na mtu.

"Nisasishe tu?" Asma alimuuliza.

"Halafu tukutane wapi? Ulaya?"

Hatimaye Asma alifanya kilichokuwa kimebaki. Alifungua akaunti nyingine kwenye lile duka la kwanza, kwa barua pepe yake mwenyewe, akalinunua gemu mara ya pili, akaipa akaunti jina la Mwanne wa Kolo. Akamwelekeza Mwanne kwa simu, hatua kwa hatua, jinsi ya kuchagua toleo la zamani na kuiweka ramani. Walihangaika na mtandao wa Kolo, ukikatika wanaanza upya. Jumamosi moja baada ya sala ya adhuhuri jina la Mwanne liliwaka kijani kwenye skrini ya Hamidu, na lori jekundu likatokea upande wa pili wa daraja la Kelema likiwa limekaa upande.

"Unakuja na upande usio wako!" Hamidu alimwambia kwenye simu, huku anacheka. Asma alikuwa jikoni. Anasema aliacha sufuria ikaungua, kwa sababu hakuwa amesikia kicheko kile tangu ajali.

Ile miezi ilikuwa mizuri. Hamidu alimfundisha mkewe kuendesha, yeye akiwa kitini Ipagala, mwenzake akiwa chumba cha uani Kolo. Alimfundisha kushuka mlima kwa gia nzito na kutomfuata mtu kwa karibu. Mwanne akifika kwenye daraja hupiga honi mara mbili hata kama hakuna mtu. Wakishakutana huwa wanayaegesha malori kando ya barabara, wanazungumza kwenye simu habari za mama mgonjwa, za mvua, za kuku.

Kisha Mwanne akaanza kuchelewa. Akawa na kazi shambani. Akawa hana bando. Mama yake alikuwa amepata nafuu siku nyingi, na bado hakurudi Ipagala. Asma aliona. Nadhani Hamidu naye aliona.

Mzee Halfani alikuja Jumapili moja akiwa amevaa kanzu na koti.

"Shikamoo, baba," Hamidu alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Waendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Mzee alikunywa chai yote kwanza. Ndipo akasema, "Hamidu, sikuja kwa ubaya. Umenitunzia binti yangu vizuri ulipokuwa na nguvu. Lakini Mwanne bado kijana. Hana mtoto. Nakuomba umwachie."

"Amekutuma yeye?"

Mzee alitazama mkeka. "Mpigie umuulize."

Asma alitaka kutoka, Hamidu akamzuia kwa mkono. Alipiga simu mbele yao wote.

"Mwanne, baba yako yuko hapa. Unataka niseme hilo neno?"

Ikasikika sauti ya mtu anayelia na anajitahidi asisikike.

"Sitaki, Hamidu. Lakini nimechoka."

"Umechoka na mimi?"

"Nimechoka tu. Hata sijui nimechoka na nini."

"Haya," Hamidu alisema. "Pumzika."

Alitamka talaka moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la kituo. Mzee Halfani alimshika kichwa, akamwombea dua, akaondoka akiwa analia yeye. Eda ilipokwisha Mwanne aliolewa na mtu aitwaye Zaidi, mfanyabiashara wa ufuta pale Kondoa mjini. Ni mtu mwema, kila mtu anasema hivyo, na Asma mwenyewe anasema hivyo.

Tulidhani Hamidu ataliacha gemu. Kwa muda aliliacha kweli. Halafu siku moja Asma akaniambia kwa furaha kwamba kaka yake ameanza kupona moyo. Mchana baada ya sala ya alasiri anaomba anyolewe ndevu. Anataka shati safi. Anasogezwa mbele ya kompyuta na anakaa wima, na akimaliza anakula chakula chote. Nilifurahi naye. Nilimwambia Mungu hamwachi mja wake.

Siku moja Asma alikuwa anafuta matangazo kwenye barua pepe yake pale ofisini, akaona ujumbe wa duka la magemu. Ulisema akaunti ya Mwanne wa Kolo imefunguliwa kwenye mashine fulani. Alipotazama nyuma akakuta jumbe za namna hiyo nyingi, zimekaa bila kusomwa. Akageuka kunitazama.

"Dada, Mwanne anacheza na Hamidu."

"Mke wa mtu?" nikasema.

Alimpigia hapo hapo. Nilimsikia Mwanne akisema, "Wifi, wallahi sijaigusa hiyo kompyuta tangu nitoke kwa baba. Niliiacha Kolo. Atakuwa mdogo wangu anaichezea na marafiki zake, sikumfungia." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Hamidu anadhani ni mimi?"

Asma akaniangalia.

"Usimwambie," Mwanne alisema. "Nakuomba, Asma. Mwache tu."

Siku mbili tatu Asma alikuwa hali chakula cha mchana. Aliniuliza mimi ningefanyaje. Angebadilisha neno la siri kimya kimya, jina lisingewaka tena, na Hamidu angedhani ameachwa mara ya pili. Akiacha mambo yalivyo, kaka yake anaendelea kunyolewa na kuvaa shati safi kwa ajili ya kijana wa Kolo, akidhani ni Mwanne. Nilimwambia aseme ukweli. Kusema vile kulikuwa rahisi kwangu, nilikuwa naenda kulala nyumbani kwangu.

Alimwambia Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kaka, yule anayekuja barabarani si Mwanne. Ni mdogo wake. Mwanne aliiacha kompyuta kwao."

Hamidu alikuwa anatazama mikono yake.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua siku ya kwanza. Alikuja mbio mpaka Zamahero, akanigonga trela, akaenda zake. Nikamwandikia, hujambo? Akajibu, poa. Mwanne aliwahi kumwambia nani poa? Na hapigi honi darajani."

"Sasa kwa nini, kaka? Kwa nini unakaa pale kila siku?"

Asma anasema alijuta kuuliza.

"Jina linawaka," alisema. "Mimi nilikuwa natazama jina tu. Likiwaka naliona linatoka Kolo, linakuja, linakuja. Nikishafika Kelema nazima kabla halijanifikia. Hapo katikati, Asma, njiani hapo, ni kama anakuja."

Asma aliweka kichwa chake kwenye goti la kaka yake, goti lisilosikia kitu, akalia. Hamidu alimpigapiga mgongoni, na baadaye akamwambia amsogeze mbele ya kompyuta.

"Ile akaunti yake ni ya barua pepe yako?"

"Ndiyo."

"Ifute. Sitaki kijana wa watu atukanwe na mtu, hana kosa. Ifute tu."

"Naweza kubadilisha neno la siri, ikabaki..."

"Ifute."

Duka lilimuuliza Asma kama ana uhakika. Lilimwonya kwamba magemu yaliyomo na njia zote zilizohifadhiwa vitapotea na havitarudishwa. Alikubali, likamuuliza tena, akakubali tena. Jina la Mwanne wa Kolo liliondoka kwenye orodha ya marafiki wa Hamidu, na orodha ikabaki tupu, kwa sababu hakuwa na rafiki mwingine humo.

"Na sasa sasisha," Hamidu akasema.

"Kaka, tukisasisha ramani haitafunguka. Na nikirudisha la zamani baadaye sijui kama..."

"Nimesema sasisha, mdogo wangu."

Asma alibonyeza. Toleo jipya lilishuka taratibu, likamaliza bando lote la wiki. Gemu lilipofunguka lilikuwa na picha safi zaidi, na malori mapya, na miji ya kigeni yenye majina wasiyoweza kuyatamka. Barabara ya Kondoa haikuwepo. Hamidu aliendesha kidogo kwenye njia pana za huko, kwenye mvua ya huko, akafika mahali akaegesha, akasema mgongo unamuuma.

Hakurudi tena kwenye usukani. Masika hayo vidonda vya kulalia vilimtoka mgongoni, akalazwa, akatoka amepungua sana. Asma ameiuza kompyuta, usukani na vyote, kwa mtu asiyemfahamu, na safari hii alihakikisha ameondoa akaunti zote kabla haijatoka mlangoni. Kuna mwanamume wa idara ya jirani aliyekuwa anamtaka, mtu mzuri, lakini alipoona hali ya nyumbani alipunguza kupiga simu, na Asma hakumlaumu.

Juzi nilimkuta masjala amesimama katikati ya rafu, faili mkononi, hasogei. Nilidhani amesahau namba anayoitafuta. Nikamuuliza Hamidu ameamkaje.

"Mwanne amejifungua," akasema. "Mtoto wa kiume. Mzee Halfani alipiga simu asubuhi kuniambia mimi, akaniomba nimweleze Hamidu kwa upole."

"Umemweleza?"

"Nimemweleza nikimbadilisha shuka. Ameniuliza kama mama mtu ni mzima. Nikasema ni mzima. Akasema alhamdulillahi, akaniomba nimgeuze upande wa ukutani."

Nilimpokea faili, nikalirudisha mahali pake. Watu walikuwa wanagonga mlangoni, nikaenda kuwasikiliza ili yeye apate kukaa.